Kimo cha mzigo: madaraja ya juu, nyaya za chini na vijana wa fimbo juu ya makontena

Dereva wa Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Tangu yalipoanza kusimama madaraja ya juu ya Amani na Mwanakwerekwe, mjini kuna suali moja linazunguka: kontena linapita chini yake au halipiti? Naulizwa na wenye mizigo, naulizwa na madereva wenzangu. Suali zuri, lakini nataka tulipanue, kwa sababu kitu cha juu ambacho gari zetu zimekuwa zikikigonga miaka yote si daraja. Ni nyaya, ni matawi ya miembe, ni mapaa ya mageti ya hoteli. Na kibaya zaidi ni namna tunavyopita chini ya hizo nyaya.

Tuanze na hesabu, maana wengi wetu tunaijua gari kwa tani zake na kwa urefu wa kitanda, kimo hatukijui. Kontena la futi 20 na la futi 40 la kawaida yana kimo kimoja, futi 8 na inchi 6, yaani mita 2.59. Lile refu la haikyubu ni futi 9 na inchi 6, karibu mita 2.90. Sasa liweke juu ya treila. Vitanda vya treila nyingi viko baina ya mita 1.2 na 1.5 kutoka chini. Kwenye kitanda cha mita 1.5, kontena la kawaida linakupa mita 4.1 hivi, haikyubu inakupa mita 4.4. Zile sentimita 30 ndizo zenye balaa. Dereva jana kapita njia hiyo hiyo na kontena la kawaida, hakugusa kitu. Leo kapewa haikyubu, anaamini atapita vile vile.

Kuitambua si kazi. Angalia juu kwenye pembe za kontena, haikyubu ina mistari ya manjano na nyeusi. Kisha soma herufi na namba zilizo chini ya namba ya kontena. Ikiwa ni 22G1 hilo ni futi 20 la kawaida, 42G1 ni futi 40 la kawaida, 45G1 ni futi 40 refu. Ile tarakimu ya pili ndiyo inayokwambia kimo. Isome kabla hujatoka getini bandarini, sio ukifika Bungi chini ya miembe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifungue uzi huu.

Kila anayepeleka mizigo shamba, iwe Nungwi, Matemwe, Paje au Makunduchi, analijua jambo hili. Barabara kuu unakwenda vizuri. Ukishakata kuingia njia ya kifusi kuelekea kwenye jengo, nyaya zinaanza kushuka, na hapo utingo anapanda juu ya kontena na fimbo. Wiki hii nilikuwa nyuma ya gari moja ya namna hiyo. Kijana mwenyewe hajafika miaka ishirini. Ndara kaziacha ndani ya gari, yuko miguu mitupu juu ya bati lililoshika jua la saa saba, anabadilisha mguu huu na huu kutafuta pa kukanyaga. Mkononi ana mti wenye panda, na ile panda kaizungushia mpira wa baiskeli. Waya wa kwanza ulikuwa wa simu. Kaunyanyua, gari ikasogea pole pole, naye akawa anatembea kuelekea nyuma akiusindikiza waya mpaka mwisho wa kontena, akauachia. Wa pili ulikuwa wa umeme unaoingia nyumbani kwa mtu. Akafanya vile vile. Mbele yake zikaja nyaya tatu tupu, zimekata njia kutoka nguzo hadi nguzo juu ya vikombe vya kaure. Kaunyoosha mti. Dereva hamuoni, macho yake yako kwenye shimo lililo mbele ya tairi. Nilipiga honi mpaka wakasimama.

Naomba tulizungumze kwa uzito wake. Mimi nataka hii fimbo iondoke katika kazi yetu. Tukiiondoa, tuweke nini?

Kijana wa Jang'ombe

Waalaykum salaam kaka. La fimbo niko na wewe moja kwa moja. Lakini kwa madaraja sioni wasiwasi. Ninavyojua mimi, madaraja yanayogongwa huko nje ni ya reli, ya zamani, yamejengwa kabla hazijakuja gari kubwa. Haya yetu ni ya leo, wahandisi wamepiga hesabu na makontena wanayajua.

Muunguja wa Ughaibuni

Assalaam alaykum. Mimi naendesha lori Uingereza, naomba nimjibu huyo mdogo wangu wa Jang'ombe.

Kweli madaraja mapya hujengwa juu. Huku kwetu daraja likiwa chini ya futi 16 na inchi 6, yaani mita 5.03, linahesabiwa la chini na linawekewa kibao cha kimo. Marekani kiwango cha barabara zao kuu baina ya majimbo ni futi 16 nje ya miji. Kwa hiyo treila ya mita 4.4 inapita, hapo uko sahihi.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Madaraja ya reli ya Uingereza yanagongwa zaidi ya mara elfu moja kila mwaka, na vibao vipo. Dereva amekiona kibao. Kisichokuwepo ni namba ya gari yake kichwani. Kibao kinamwambia mita 4.2, yeye hajui kama amebeba 4.0 au 4.4, basi anapunguza mwendo na kujaribu bahati.

Kuna daraja maarufu kule Marekani, mji wa Durham, North Carolina. La reli, limejengwa mwaka 1940, kimo chake kilikuwa futi 11 na inchi 8, kiasi cha mita 3.56. Jamaa mmoja aliyekuwa na ofisi jirani akaweka kamera mwaka 2008, na tangu hapo dunia nzima inaangalia namna malori yanavyochanwa mapaa. Vibao vimewekwa, taa za kumulika zimewekwa. Mwaka 2016 kikawekwa kifaa kinachopima gari inayokuja. Ikiwa ndefu kupita kiasi, taa ya njia panda inageuka nyekundu na maandishi yanawaka kumwambia dereva akate kona. Watu wakagonga vile vile. Barabara haikuweza kushushwa kwa sababu chini yake kuna bomba kuu la maji machafu. Mwisho, Oktoba 2019, daraja lenyewe likanyanyuliwa mpaka futi 12 na inchi 4. Na mpaka leo bado linagongwa. Wengi wanaogonga ni watu waliokodi lori kwa siku moja, mtu aliyezoea gari ndogo, hana habari kuwa kuna kitu kirefu nyuma ya mgongo wake.

Huku sheria inasema gari yenye kimo cha zaidi ya mita 3 lazima kimo kiandikwe ndani ya kabini, pahala ambapo dereva anapaona akiwa amekaa. Nikibadilishiwa treila, na namba nabadilisha. Ni jambo la karatasi na kalamu tu, Zanzibar linaweza kuanza kesho asubuhi bila ya bajeti ya mtu.

Dereva wa Malindi

Ahsante sana kaka. Hilo la kuandika ndani ya kabini nalichukua.

Na nimuengezee Jang'ombe neno moja. Daraja la juu jipya linaweza kuwa na nafasi ya kutosha kwa kontena, lakini si kila kinachopita chini yake ni kontena. Kuna kijiko cha kuchimbia juu ya lobedi, yaani treila ya kitanda cha chini kabisa, mkono haukulazwa vizuri. Kuna tipa aliyemwaga kifusi akaondoka na bodi limenyanyuka. Bodi la tipa likinyanyuka lote linapita mita 5 bila tabu. Vitu hivyo viwili havimo katika hesabu ya mhandisi wa daraja.

Fundi wa Nguzo

Assalaam alaykum jamani. Nimefanya kazi za laini za umeme muda mrefu, nimesoma alichokiandika Dereva kuhusu yule kijana na mkono umenitetemeka. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Kwanza mjue nyaya si za aina moja. Waya wa simu hauui kwa umeme, unaweza kukuangusha tu. Waya unaoingia nyumbani ni wa volti 230, una ngozi ya plastiki, lakini hiyo ngozi ikipigwa na jua na chumvi ya bahari miaka mingi inapasuka, na pahala palipopasuka huwezi kupaona ukiwa juu ya kontena. Kisha kuna zile nyaya tupu. Ukiona tatu zimepangana juu ya vikombe, hizo ni msongo mkubwa, kilovolti 11 au 33. Hazina ngozi yoyote. Kinachozizuia ni hewa tu, na umbali wake na wewe.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwa msongo huo si lazima uguse. Ukisogea karibu vya kutosha, umeme unaruka wenyewe. Mpira wa baiskeli uliofungwa kwenye panda haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na mti wenyewe, ukiwa mbichi au umelowa umande au jasho la mikono, unapitisha. Halafu kuna jambo ambalo vijana hawalifikirii kabisa: unaponyanyua waya mmoja ukaugusisha na mwenzake, unatokea mlipuko wa moto na shaba au alumini inayeyuka na kudondoka juu ya kichwa chako. Hata ukiwa umevaa glavu, uso haukuvaa kitu.

Pili, kimo cha waya hakisimami pahala pamoja. Waya unarefuka ukipata joto, kwa hiyo mchana wa kaskazi unaning'inia chini kuliko alfajiri ya kipupwe. Ukibeba mzigo mkubwa wa umeme, kama ilivyo jioni mahoteli yote yamewasha viyoyozi, unapata joto zaidi na unashuka zaidi. Nguzo ikilala kidogo kwa sababu ya mvua za masika, waya nao unalala. Kwa hiyo mtu asikwambie "nilipita asubuhi". Asubuhi ni khabari nyengine.

Tatu, na hili naomba kila dereva alishike. Gari ikishagusa waya wa umeme, au waya ukiangukia gari:

Kaa ndani. Usishuke. Ukiwa ndani ya kabini, wewe na gari mko kwenye umeme mmoja, haupiti mwilini mwako. Aliye hatarini kuliko wote ni yule anayetoka barazani mbio kuja kufungua mlango akusaidie, miguu yake iko chini na mkono wake kwenye chuma. Mpigie kelele akae mbali, hatua kumi na tano au zaidi, yeye na kila mtu. Piga simu ZECO, shirika letu la umeme, piga polisi, na usubiri mpaka fundi mwenyewe akwambie umeme umekatwa. Waya ukinyamaza usidhani umekufa. Laini nyingi zina kifaa kinachokata na kujirudisha chenyewe baada ya muda mdogo.

Ikiwa gari imeshika moto na hapana budi kutoka, usishuke kwa ngazi. Ruka, miguu miwili pamoja, usiwe umeshika gari na kukanyaga ardhi kwa wakati mmoja. Ukishatua, usikimbie. Ardhi karibu na gari ina umeme unaopungua kila unavyokwenda mbali, na ukipiga hatua ndefu mguu mmoja unakuwa kwenye umeme mwingi na mwengine kwenye mdogo, tafauti hiyo inapita mwilini mwako. Kokota miguu, unyayo usiachane na unyayo, mpaka uwe mbali.

Na tairi za mpira zisikudanganyeni. Ndani ya tairi ya lori mna nyuzi za chuma.

Kwa yule utingo aliye juu, hapana kanuni ya kumuokoa. Ndiyo maana kanuni ni moja tu, asipande.

Mtoto wa Konde

Ahsante fundi, Mungu akulipe. Mimi nataka kuileta Pemba humu.

Huku kwetu tatizo la kwanza ni matawi, halafu ndio nyaya. Njia ya kutoka Konde kupita msitu wa Ngezi kuelekea Makangale, miti imefunga juu, na baadhi ya matawi yanaingia mpaka kati ya njia. Fuso lenye bodi la mbao linapita likikwaruza. Gari haiumii sana. Wanaoumia ni watu. Msimu wa karafuu wachumaji wanapakiwa juu ya magunia, juu ya majamvi, juu ya masufuria ya kambini, na vijana wanakaa pale juu kabisa kwa sababu ya upepo. Dereva hana namna ya kujua nani kasimama. Tawi la mwembe halitoi onyo, na waya ndio kabisa, jioni hauonekani.

Mnapopima kimo cha gari, naomba mpime na kichwa cha mtu aliyekaa juu. Na bora zaidi asikae juu.

Fuso la Mwanakwerekwe

Ndugu zangu nimewasoma wote. Mnayosema ni kweli, lakini mkae mkijua mambo ya huku chini. Mwenye mzigo anataka kontena lifike mlangoni kwa jengo lake, zima, na lakiri yake. Lobedi hataki kulilipia. Kupakua mjini na kupakia gari ndogo hataki, anasema vitu vitavunjika, vitapungua. Njia ni moja, nyaya ziko chini, na mimi nikikataa atampa mwenzangu. Yule kijana wa fimbo namlipa vizuri na mwenyewe anaitaka kazi. Niambieni nifanye nini, maana kusema fimbo iondoke ni rahisi.

Dereva wa Malindi

Kaka Fuso, umesema jambo la haki na nitakujibu kwa kazi, sio kwa maneno makali.

La kwanza ni gari ya mbele. Siku moja kabla, au asubuhi ya safari, chukua pikapu. Chukua mwanzi mkavu, uusimamishe nyuma ya pikapu na uukate ili ncha yake kutoka ardhini iwe kimo cha mzigo wako na sentimita 30 zaidi. Mzigo wa mita 4.4, mwanzi ufike 4.7. Juu kabisa funga utepe mwembamba wa plastiki, sio chuma, sio waya. Endesha njia yote mpaka mlangoni kwa jengo, mtu mmoja amesimama pembeni ya njia anaangalia utepe. Ukikaribia nyaya tupu simama mbali, angalia kwa macho, usiupitishe mwanzi. Kila pahala palipo chini unapaandika na unapiga picha. Wenzetu wa nje wanaohamisha mizigo mirefu wana gari ya namna hiyo inayotangulia msafara, hatutungi jambo jipya.

La pili, ukishakuwa na orodha hiyo, peleka kwa ZECO kabla, na kwa kampuni ya simu kama waya ni wao. Waombe waje wanyanyue au wakate umeme kwa saa yako ya kupita. Mwenye jengo ndiye alipie, na umwambie mapema, kabla hujakubaliana bei. Mtu anayejenga hoteli hashindwi na gharama hiyo. Anashindwa kwa sababu hatukumwambia, tulimuonesha kuwa kuna kijana na mti wake kwa bei rahisi.

La tatu, treila ya mifupa, ile isiyo na sakafu, yenye kitanda cha chini inakupunguzia sentimita 20 au 30 papo hapo. Mara nyengine hizo zinatosha.

Kuhusu kijana kuitaka kazi, mimi sikubaliani nawe kabisa. Anaitaka kwa sababu hajaambiwa alichokiandika Fundi wa Nguzo hapo juu. Msomee. Akishakuelewa, muulize tena kama bado anaitaka.

Fuso la Mwanakwerekwe

Nitamsomea leo. Hilo la mwanzi kwenye pikapu nimelipenda.

Mhandisi wa Lami

Naomba kuingia kwa mambo matatu ya barabara ambayo sijaona mtu kayataja.

Barabara inapowekwa lami mpya juu ya ya zamani, kimo kinapungua. Tabaka moja ni sentimita 4 au 5. Ikirudiwa mara mbili tatu bila ya kukwangua ya chini, umepoteza sentimita 15 na kibao bado kinasema namba ya siku ya ufunguzi. Hilo ni kwa daraja na ni kwa waya pia. Tunajenga barabara nyingi sana miaka hii Unguja na Pemba, tunazinyanyua kwa kifusi ili maji ya mvua yasikae, na nyaya zinabaki pale pale zilipokuwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kasoro kubwa. Kila mkataba wa barabara ungekuwa na sharti la kupima upya kila kitu kilicho juu yake kabla haijafunguliwa.

Jengine ni bonde. Barabara ikiwa inashuka kisha inapanda chini ya daraja, gari ndogo inafuata lile bonde na haina tatizo. Treila ndefu haiingii bondeni yote, ni kama ubao uliolazwa juu ya mtaro: magurudumu ya mbele yameanza kupanda, ya nyuma bado yanashuka, na katikati ya kontena iko juu kuliko ulivyopima kwenye uwanja tambarare. Kibao kizuri huwekwa pungufu kwa sababu hii. Dereva asione kibao kimesema 4.5 akafikiri kuna siri ya sentimita kumi za ziada. Hizo si zake.

Na gari tupu hukaa juu kuliko iliyobeba, springi zimejinyoosha. Mtu anaweza kupita na mzigo akakwama akirudi mtupu, kontena likiwa juu lakini halina kitu.

Kwa madaraja yetu mapya, ushauri wangu ni lango la kimo. Nguzo mbili pembeni na bomba jepesi linaloning'inia kwa minyororo, liwekwe mbele ya daraja, pahala ambapo dereva bado ana njia ya kukata kona. Likigongwa linapiga kelele na halivunji kitu. Liwekwe pia kwenye vivuko vya juu vya wapita kwa miguu popote vitakapojengwa, tena hivyo ndivyo vinavyonitia hofu zaidi, kwa sababu ni vyepesi na juu yake mna watu. Daraja zito likigongwa, lori ndilo linaloumia kwanza. Kivuko chepesi kinaweza kutoka pahala pake.

Mama wa Bwejuu

Assalaam alaykum wanangu. Mimi si dereva lakini linanihusu. Gari ya mzigo ilipita usiku ikaondoka na waya wa nyumba yangu na bomba lake lililokuwa limeshikwa ukutani. Ukuta umechimbika, nimekaa kiza, samaki wa biashara wameharibika kwenye friji. Gari haikusimama. Asubuhi waya umelala njiani na watoto wanapita kwenda skuli. Nilisimama pale mwenyewe na kanga yangu kuwazuia watoto mpaka mafundi walipofika. Nauliza, mtu kama mimi afanye nini kabla na baada?

Fundi wa Nguzo

Pole sana mama, na ulivyofanya kuwazuia watoto ndivyo khasa. Usiuguse waya, usiusogeze hata kwa ufagio wa mti, simama mbali na uwazuie watu, ndio kazi yote.

Kwa mbele: wakija kukuunganishia tena, waombe waya uingie kwa juu zaidi, kwa bomba refu la chuma juu ya paa au nguzo ndogo upande wako wa njia, usikate barabara kwa kushuka kuelekea ukutani. Nyumba nyingi za chini zimefungwa waya usawa wa dari, nao ukikata njia, pale katikati unakuwa chini kuliko Fuso. Ukiona waya wa jirani umelegea, toa taarifa kabla haujakatika. Piga picha ukiwa na kitu cha kupimia macho, kama gari iliyosimama mbali kidogo, ili ofisini waone kimo.

Na kwa gari iliyokimbia, nenda kituo cha polisi cha karibu ukaandikishe, uwe na picha za ukuta, waya na muda. Anayegonga kitu cha mtu barabarani anatakiwa asimame, hata kama ni waya.

Dereva wa Malindi

Mama yangu pole, na naomba radhi kwa niaba ya kazi yetu. Madereva mnaosoma hapa, ukivuta waya simama. Vespa inayokuja nyuma yako haiuoni waya uliolegea njiani usawa wa shingo.

Kenta ya Fuoni

Mimi nina Kenta, nafikiri siwahusu, ila nabeba matangi ya maji na makuti. Kitanda changu ni mita 1 na tangi lililosimama ni mita 2.3. Nipime vipi kwa uhakika?

Dereva wa Malindi

Unahusika, tena sana, kwa sababu tangi linapelekwa nyumbani kwa mtu, ndani ndani ambako nyaya ndiko ziliko chini. Jumla yako ni mita 3.3, umeshapita ile mita 3 aliyoitaja kaka wa Ughaibuni.

Simamisha gari pahala tambarare, mzigo ukiwa umeshafungwa. Weka ubao ulionyooka juu ya sehemu ya juu kabisa, utokeze pembeni mwa gari, ulale sawa, kisha shusha futi ya kupimia kutoka ubao mpaka chini. Usijumlishe kitanda na tangi ukaridhika, kwa sababu kuna gunia ulilolitia chini ya tangi, kuna mfuniko wa juu, kuna kamba. Makuti na magodoro ndiyo mabaya zaidi, kila mmoja anayapanga kwa kimo chake, na njiani yanavimba. Pima kila safari. Ukipata namba, ipandishe kufikia sentimita kumi za juu, uiandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta nyeupe, uibandike kwenye kizuia jua mbele ya macho yako, kwa mita na kwa futi. Kwako, ukihesabu gunia na mfuniko, huenda ikawa mita 3.4.

Halafu ikiwa tangi linaweza kulazwa, lilaze.

Kenta ya Fuoni

Linaweza. Kesho nina moja la kwenda Kibele, litalala. Namba nitabandika na picha nitaiweka hapa.

Mtoto wa Konde

Na sisi wa Pemba tutaweka zetu kabla ya msimu. Fundi wa Nguzo, ukipata nafasi tuandikie tena ile sehemu ya kuruka na kukokota miguu kwa maneno machache, niichape na kuibandika kwenye gari za wachumaji Konde na Wete.

Fundi wa Nguzo

Usiku huu utaipata, inshaallah.